Ya Kutoa Ni ya Nani?

Fedha hubadilika sura, lakini kazi yake ni ile ile. Katika nchi hii rupia iliondolewa mwaka 1920. Florini ikashika mahali pake kwa muda mfupi. Shilingi ya Afrika Mashariki ikafuata mwaka 1921. Na shilingi ya Kenya ikatolewa mwaka 1966. Mwezi wa Machi mwaka 2007 ilikuja M-Pesa, ikaipa shilingi mabawa. Tangu hapo fedha husafiri toka mfuko hata mfuko bila ya kushikwa kwa mkono. Lakini rupia, florini, sarafu, noti na shilingi ya simu zote zina wajibu mmoja, nao ni kumwezesha mnunuzi kutimiza bei aliyopatana na mwuzaji. Bei ni neno la watu wawili. Mmoja hulitaja, wa pili hulikubali, na likisha kubaliwa huwa ahadi. Insha hii inahusu ahadi hiyo, na jinsi inavyovunjwa kila siku mchana kweupe kwa maneno mawili mafupi: "Ya kutoa."

Msomaji, huna haja ya kwenda mbali kuyasikia maneno hayo. Ingia katika kibanda cha chakula karibu na kituo cha matatu, saa saba za mchana, ukae kwenye benchi usikilize. Fundi wa ujenzi anaingia, vumbi la saruji lingali miguuni pake. "Chapati mbili na ndengu ni pesa ngapi, mama?" "Mia na ishirini, kijana wangu." Fundi anakubali, anakula, anashiba, anashukuru, kisha anatoa simu yake alipe. Hapo ndipo anapoambiwa, "Tuma kwa nambari yangu, na usisahau ya kutoa." Bei ya kwanza imekufa na bei ya pili imezaliwa, na fundi hakuulizwa shauri. Angeulizwa wakati chapati zingali kwenye kikaango, angeweza kukubali au kwenda zake. Sasa chapati zi tumboni. Hawezi kuzirudisha, wala hawezi kuondoka bila ya kulipa. Anatuma na ya kutoa, anainama mlangoni, anarudi kazini.

Kabla ya kuhukumu, hatuna budi kulifahamu jambo lenyewe. Fedha zikitumwa kutoka simu ya mtu mmoja hadi simu ya mtu mwingine, ada mbili huzifuata. Ya kwanza ni ada ya kutuma, nayo hukatwa kwa mtumaji. Ya pili ni ada ya kutoa, nayo hukatwa kwa mpokeaji siku atakapokwenda kwa wakala na kuzigeuza fedha hizo kuwa noti. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023, kutuma shilingi 120 ni shilingi 7, na kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 ni shilingi 29. Ndani ya ada hizo imo kodi ya serikali, yaani ushuru wa bidhaa, ulioanza kwa asilimia 10 mwaka 2013, ukapanda hadi 12 mwaka 2018 na hadi 15 mwaka 2023. Mwenye kibanda hakuzipanga ada hizo, wala hakuitunga kodi. Kwa hilo hana lawama. Lawama yake ni hii: ada iliyo yake ameichukua akaitia katika sahani ya mtu mwingine, tena baada ya sahani kuwa tupu.

Sasa tuhesabu, maana hesabu haina upendeleo. Fundi amekula chakula cha shilingi 120. Ametuma 149, yaani 120 za chakula na 29 za kutoa. Na simu yake imekata 7 za kutuma. Ametokwa na shilingi 156. Nyongeza ni shilingi 36, nazo ni asilimia 30 ya bei aliyotajiwa. Akila hivyo siku 22 za kazi katika mwezi, atakuwa ametoa shilingi 792 juu ya bei. Kwa fedha hizo angaliweza kula chakula kile kile siku sita nyingine na kubakiwa na shilingi 72. Wako watu wasemao kuwa shilingi hizi ni chache, na kwamba anayezihesabu ni bahili. Watu hao hao, kama bei ya unga ingepanda kwa asilimia 30 kutoka asubuhi hata mchana, wangepiga kelele barabarani. Haba na haba hujaza kibaba; na kibaba kinachojazwa kwa haba za fundi si chake.

Lakini hapo sijafika kwenye kiini cha dhuluma hii. Ada ya kutoa hailipwi kwa kila mteja aliyekula. Hulipwa kwa kila safari ya kwenda kwa wakala. Wateja kumi wakila chakula cha shilingi 120, na kila mmoja akituma 149, mwenye kibanda atapokea shilingi 1,490. Jioni atakwenda kwa wakala mara moja tu, atatoa fedha zake zote, na atakatwa shilingi 29. Wateja wamempa shilingi 290 kwa jina la kutoa. Yeye ametoa 29. Shilingi 261 zimebaki mkononi mwake. Je, hizo ni za nini? Si za chakula, kwani chakula kimekwisha kulipwa. Si za kampuni ya simu, kwani imekwisha kuchukua yake. Si za serikali, kwani kodi imekatwa ndani ya ada. Ni fedha zilizodaiwa kwa jina la kazi isiyofanyika. Na siku ambayo hakwenda kwa wakala kabisa, bali alinunua unga na mafuta ya kupikia kwa simu ile ile, basi zote 290 ni za namna hiyo. Ukiuliza ya kutoa ni ya nani, hesabu imekujibu: sehemu moja katika kumi ni ya kampuni na serikali, na sehemu tisa ni za mtu aliyezidai bila ya haki.

Litazame tena jambo hili kutoka upande mwingine, nalo litazidi kukusikitisha. Tangu mwaka 2013 kuna njia iitwayo Lipa na M-Pesa. Kwa njia hii mwenye duka hupewa nambari ya biashara, ambayo watu huiita nambari ya til. Mnunuzi anayelipa kwa til hakatwi ada yoyote. Ada hukatwa kwa mwenye duka, nayo ni kama nusu shilingi kwa kila shilingi mia. Na malipo yasiyozidi shilingi 200 hayakatwi kitu. Basi tajiri mwenye motokaa huingia katika duka kubwa, akajaza kikapu cha shilingi 5,000, akalipa kwa til shilingi 5,000 kamili, akaenda zake. Fundi wetu hununua ndengu za shilingi 120 akalipa 156. Aliyenunua vingi hakuongeza hata senti. Aliyenunua kidogo ameongeza asilimia 30. Chombo kilichosifiwa kwamba kitamwinua mnyonge kimefanywa, kwa desturi mbaya ya watu, kuwa chombo cha kumtoza mnyonge kile ambacho tajiri hatozwi.

Watetezi wa desturi hii wana hoja zao, na si haki kuwapinga bila ya kuwasikiliza.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba mwuzaji anahitaji noti. Husema kwamba kuni, makaa na maji hununuliwa kwa noti na sarafu; kwa hiyo fedha za simu ni fedha pungufu mpaka zitolewe. Hoja hii ilikuwa na nguvu miaka ya mwanzo. Leo nguvu zake zimepungua, kwani mwuza makaa ana simu, mwenye mkokoteni wa maji ana simu, na mfanya biashara wa Marikiti anayeuza gunia la viazi hupokea fedha kwa simu kila alfajiri. Hata hivyo, tuseme kwamba mwuzaji anahitaji noti kweli. Je, gharama ya kuzipata ni ya nani? Kila biashara ina gharama zake: kodi ya kibanda, makaa, chumvi, sabuni ya kuoshea vyombo. Hatujapata kumsikia mwuzaji akimwambia mteja aliyekwisha kula, "Ongeza shilingi tatu za makaa na mbili za sabuni." Gharama hizo zote zimo ndani ya bei. Ada ya kutoa ni ndugu yao, na mahali pake ni pale pale walipo ndugu zake. Shilingi 29 zikigawanywa kwa sahani kumi ni chini ya shilingi 3 kwa sahani. Mwuzaji mwaminifu angepandisha bei kutoka 120 hadi 123, akaitangaza, asiwe na deni la lawama kwa mtu.

Hoja yao ya pili ni ya huruma. Husema kwamba mwenye kibanda ni maskini, ana watoto wa kusomesha, na faida yake ni ndogo. Ni kweli, na mimi siwaombei dhiki watu wanaoamka saa kumi za usiku kutukandia unga. Lakini huruma ni zawadi, na zawadi hutolewa na mwenyewe kwa hiari yake. Fedha zinazotolewa kwa kubanwa mlangoni haziwezi kuitwa huruma. Tena, mnunuzi wa kibandani naye ni maskini, naye ana watoto wa kusomesha. Ni huruma ya namna gani inayompokonya maskini mmoja ili kumpa maskini mwingine, kisha ikajisifu?

Hoja yao ya tatu ni ya ukali. Husema, "Nani amekulazimisha? Kama hutaki ya kutoa, njoo na noti." Hii ndiyo hoja yao bora, na mimi naikubali nusu. Mwuzaji ana haki ya kusema kuwa chakula ni shilingi 120 kwa noti na 149 kwa simu. Bei hiyo ni kali, lakini ni kweli. Na mnunuzi akiisikia kabla ya kukaa atachagua mwenyewe. Nusu ninayoikataa ni ukimya. Mwuzaji aliyenyamaza wakati wa kupakua hana haki ya kunena wakati wa kulipwa. Kama ya kutoa ni jambo la haki, kwa nini haiandikwi ubaoni pamoja na bei ya githeri na chai? Jambo la haki haliogopi kuandikwa.

Na jambo hili halikuachwa bila ya mwongozo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliyaagiza makampuni yatoayo huduma za fedha kwa simu yamwonyeshe mteja gharama ya huduma kwenye simu yake mwenyewe. Makampuni yenye nguvu na mali nyingi yaliambiwa: mwambieni mteja gharama. Ikiwa wakubwa hao wametakiwa kusema, ni kwa sababu gani sisi wadogo tujipe ruhusa ya kunyamaza? Ujumbe unaokuja kwenye simu baada ya kulipa hutaja gharama ya kutuma mpaka senti ya mwisho. Simu imesema kweli; binadamu aliyesimama karibu na jiko ndiye aliyeficha.

Sasa na tumgeukie mnunuzi, maana hukumu ya upande mmoja si hukumu. Wapo wateja wanaomfanya mwuzaji aichukie simu. Mmoja huonyesha ujumbe wa kughushi, akala bure. Mwingine hutuma fedha, akashiba, kisha akaomba zirudishwe kana kwamba amekosea nambari. Wa tatu hufika mlangoni na kusema simu yake imezimika. Hao ni wezi, na wizi wao ni mbaya kuliko ya kutoa, kwa sababu humwibia mtu aliyewalisha. Mwuzaji aliyepatwa na watu wa namna hiyo mara mbili au tatu huanza kumtazama kila mteja kuwa ni adui, na ya kutoa huwa kwake kama fidia. Lakini fidia ya kosa la mwizi haitafutwi mfukoni mwa mteja mwaminifu.

Wazee wako watakumbuka zamani za peremende. Mnunuzi alipotoa noti dukani, na sarafu za kurudisha zikawa hazipo, mwenye duka alimtilia peremende mbili mkononi badala ya chenji. Mnunuzi hakuomba peremende, wala mwenye duka hakukubali kulipwa kwa peremende siku nyingine. Simu ilikuja ikaiondoa dhuluma hiyo, kwa kuwa kwa simu mtu anaweza kulipa shilingi 97 kamili bila ya kusubiri chenji. Hii ni fadhila kubwa, wala si mimi wa kuikanusha. Simu imempunguzia mfanya kazi hofu ya mnyang'anyi wa njiani, imemwezesha mzazi kumtumia mtoto nauli, na imempa mwuza mboga hesabu iliyoandikwa ya mauzo yake. Sipingani na simu. Napingana na mtu aliyeitupa peremende ya jana akaokota ya kutoa ya leo, akaona kuwa amestaarabika.

Basi tufanye nini? Dawa zipo, na si ghali.

Kwa mwuzaji dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuchukua nambari ya til. Kwa chakula kisichozidi shilingi 200 hatakatwa ada ya kupokea, na mteja hatakatwa ada ya kutuma. Tena mwaka 2022 til hiyo ilifunguliwa hata kwa wateja wa Airtel Money na T-Kash. Dawa ya pili ni kuandika bei moja, yenye gharama zake zote ndani, na kuitundika mahali ambapo mtu mwenye njaa ataiona kabla ya kukaa.

Kwa mnunuzi dawa ni kuuliza mapema. Sema kwa adabu, "Mama, nitalipa kwa simu; jumla ni ngapi?" Swali hili ni fupi, halimtukani mtu, na huondoa ugomvi kabla haujazaliwa. Ukijibiwa kuwa kuna ya kutoa, una hiari ya kukubali au kukataa, na ukikubali usinung'unike baadaye. Na kama unakula mahali hapo kila siku, fanya hesabu. Ukitoa mwenyewe shilingi 2,400 kwa wakala mara moja, utakatwa shilingi 29, nawe utakuwa na noti za kulipia sahani 20 za shilingi 120. Ukilipa sahani hizo 20 kwa simu pamoja na ya kutoa, nyongeza itakuwa shilingi 720. Kijana aliyejifunza hesabu darasani akashindwa kuitumia mbele ya sahani amejifunza nusu tu.

Yawezekana ukauliza, msomaji, kwa nini nikusumbue kwa habari za shilingi 29 wakati nchi ina mambo makubwa ya kuzungumzwa. Jawabu langu ni kwamba watu hawaanzi dhuluma kwa mambo makubwa. Mtu huizoea kwanza katika sarafu. Hujifunza kwamba bei ni neno la kuanzia tu, na kwamba nyongeza ikiwa na jina zuri haihitaji sababu. Akikua na kupewa kalamu ya ofisi, huongeza "ya kutoa" juu ya kila kitu: juu ya cheti cha kuzaliwa, juu ya kibali cha biashara, juu ya zamu ya mgonjwa hospitalini. Nasi tutashangaa alijifunzia wapi. Alijifunzia kwetu, kwenye benchi, tulipokuwa tukinyamaza kwa sababu shilingi zilikuwa chache.

Miaka michache ijayo wengine katika ninyi mtakuwa na vibanda, maduka na mikahawa yenu. Mtasimama upande wa pili wa meza, na mteja mwenye njaa atakuulizeni, "Ni pesa ngapi?" Siku hiyo mjibuni neno moja, likae. Bei iliyotajwa ndiyo bei. Anayetaka zaidi na aseme kabla ya kupakua.